Jua Lililotoka Chini

Samli ikipigwa na jua ina harufu yake. Si ile ya jikoni, ya samli inayoyeyuka juu ya ugali wa uwele, bali harufu nzito, tamu kidogo na yenye uchachu, inayopanda kutoka mwilini mwako mwenyewe na kukufuata kila uendako. Hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Kila asubuhi mama alinikalisha kwenye kigoda, akachovya vidole ndani ya kibuyu kidogo, akanipaka kuanzia paji la uso mpaka unyayoni, hadi nikang'aa. Kwetu mtoto anayepakwa samli ni mtoto anayependwa, na mama alitaka kila jirani ajue kwamba huyu wake aliyezaliwa mweupe hakuokotwa jalalani. Hakujua kuwa mafuta yale hayazuii jua hata kidogo. Alinikaanga kwa mapenzi, maskini mama yangu, na sisemi hivi kwa kumlaumu.

Nilizaliwa zeruzeru, maana ndivyo tulivyoitwa wakati ule na hakuna aliyeona aibu kulitamka neno hilo. Tuliishi Singida, upande wa Iramba, siyo mbali na ziwa moja la chumvi ambalo kila kiangazi hurudi nyuma na kuacha ufuko mweupe kabisa. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa tembe lenye paa la udongo, giza na baridi ndani, limezungukwa na ua wa minyaa, na nje ya ua kulikuwa na migunga mikubwa ambayo hakuna aliyejua imepandwa na nani. Amri ya mama kwangu ilikuwa moja tu: "Fuata kivuli." Basi nikakifuata. Asubuhi kivuli cha tembe kililala upande wa magharibi, nami nikalala nacho. Jua lilipopanda kilijikunja, nikahamia chini ya mgunga wa kwanza, kisha wa pili, na alasiri nikarudi upande wa mashariki wa nyumba. Watoto wengine walikaa mahali na kucheza bao la mchangani mpaka mchezo uishe. Mimi sikumbuki mchezo hata mmoja nilioumaliza, kwa sababu kabla ya mwisho kivuli kilikuwa kimekwisha kuondoka na mimi nimeondoka nacho. Mpaka leo watu husema siwezi kutulia kwenye kiti.

Kisha ikaja ile miaka ya kuhamia vijijini. Lori lilifika, tukapakia vyungu, mbuzi, vitanda vya kamba na kuku waliofungwa miguu, tukashushwa kwenye uwanda mkubwa upande wa pili wa ziwa lilelile, ambako wapimaji walikuwa wamevuta kamba ndefu ili nyumba zikae kwa mstari. Kamba haipindi kwa sababu ya mti. Mgunga uliokaa njiani ulikatwa, na uliokaa kando ukakatwa pia ukawa nguzo za nyumba. Kijiji kilipokamilika kilipendeza kweli kukitazama kwa mbali, kimenyooka, na kila mgeni wa serikali alikisifu. Lakini ilipofika saa sita mchana hapakuwa na kivuli cha kumtosha hata kuku. Nilizunguka nyumba yetu mpya kama ng'ombe wa kupura nafaka, nikiwa nimebandika mgongo ukutani, nikitafuta upande uliobaki na ukanda mwembamba wa giza. Baba aliyaona hayo. Alikuwa mtu wa maneno machache, mfumaji wa vikapu na mikeka, na alipohuzunika mikono yake ndiyo iliyoongea.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Shabani, mtu mwema mwenye sauti kubwa na mapenzi makubwa ya methali. Ile aliyoipenda kuliko zote ilikuwa "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," na aliikariri kila asubuhi akipita mstarini kuwaita watu kwenye shamba la kijiji. Kila nyumba ilitoa watu wake, hata watoto walipewa kazi zao, kufukuza ndege, kuchota maji, kukusanya kuni. Mimi peke yangu nilibaki nikizunguka nyumba. Siku hizo neno lililovuma redioni na mikutanoni lilikuwa kupe: mtu anayenyonya jasho la wenzake. Watoto hawahitaji kufundishwa mara mbili. Haukupita muda nikaitwa Kupe Mweupe, na wenzangu waliporudi shamba jioni, miguu imejaa vumbi, walijikung'uta wakipita kwangu na kusema, "Kupe, umeshiba?" Kwa kweli niliumia. Jua lilikuwa limeniunguza mara nyingi na nililizoea, lakini jina lile lilinikosesha usingizi. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, Mzee Shabani anapopita asubuhi aite jina langu pamoja na ya wengine.

Nilimwambia baba. Kesho yake aliacha kikapu alichokuwa anakifuma, akachukua milala bora aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mkeka wa harusi ya mtu, akaanza kofia. Hiyo haikuwa kofia ya kawaida. Ukingo wake ulinifika mabegani pande zote, na aliufuma kwa kubana sana hata maji hayakupita, aliyajaribu. Akanipa na shati lake la zamani la mikono mirefu, mama akanifunga kanga mbili, moja kiunoni na nyingine shingoni. Baba akanishika mkono mpaka kwa Mzee Shabani. "Mtoto ana kofia sasa," akasema. "Mpe kazi." Mzee Shabani alinizunguka, akainama kuchungulia chini ya ile kofia kama anayechungulia kizimba, akacheka mpaka akakohoa. "Mwajuma, shamba la mtama ni mbali," akasema, "lakini kiangazi kimeingia. Nenda ziwani na kina mama, ukakwangue chumvi." Niliruka juu, kofia ikanidondoka.

Nawaombeni mnielewe nikisema kwamba majuma yale ya ziwani yalikuwa ya furaha kuliko yote ya utoto wangu. Ziwa lilikuwa limerudi mbali, likaacha ufuko mpana uliogandiwa na tabaka jeupe, na kwa kipande cha kibuyu ulilikwangua tabaka hilo, ukalikusanya kwenye ungo, ukalipeleka penye vyungu vilivyotobolewa. Humo lilimwagiwa maji, na yale maji ya chumvi yaliyochuruzika yakachemshwa mpaka yakakauka. Ulikuwa mradi wa kijiji, na chumvi yenyewe iliuzwa dukani. Kazi ile ilinifaa kupita kiasi. Maisha yangu yote nilikuwa nimefundishwa kutokukaa mahali pamoja, na sasa mtu asiyetulia ndiye aliyetakiwa. Nilikwangua huku nakwenda, sikusimama, na ungo wangu ulijaa mapema. Zaidi ya hayo nilikuwa na sauti. Kina mama waligundua hivyo upesi, wakaniachia niongoze nyimbo za kazi, mimi nikitupa mstari nao wakijibu, na mtu anayeongoza wimbo akiwa ameinama hana budi kuachama. Niliimba kuanzia asubuhi mpaka jua la utosini, kinywa wazi, uso umeelekea chini kwenye ule weupe. Jioni watoto waliporudi hakuna aliyeniuliza kama nimeshiba.

Kwanza midomo ilikauka. Hilo halikumshangaza mtu, maana kina mama wote walikuwa na midomo iliyopasuka kwa upepo na chumvi. Kisha mdomo wangu wa chini ukavimba, ukatoa malengelenge, yakapasuka, yakaacha gamba ambalo kila nilipoimba lilichanika upya. Ndani ya mdomo, pale ambapo ulimi hugusa, pakawa laini na pekundu, na ugali wa moto ukawa adhabu. Mama alisema chumvi imenila. Kina mama wenzake wakasema nimeilamba kwa uroho, nikaapa kwamba sijailamba. Mama akaniosha kwa maji ya vuguvugu, akanipaka samli kwenye kidonda, nene, asubuhi na jioni, nikaenda ziwani mdomo ukimeremeta. Baba yeye alilaumu kofia. Aliona kwamba lazima jua linapenya mahali, akaivua, akaigeuzageuza kwenye mwanga, hakuona tundu. Basi akaongeza ukingo. Juma lililofuata kidonda kilikuwa kimezidi, naye akaongeza tena, mpaka nikawa siwezi kupita mlangoni bila kwenda ubavu, na wazee wakamtania wakimwuliza atajenga lini kuta. Hakucheka. Kila mama alipotamka kwamba mtoto aachishwe kazi, yeye alijibu, "Mtoto ana kofia," na mimi nilikuwa upande wake. Nilikuwa radhi mdomo uoze kuliko kurudi kuwa kupe. Nilijifunza kuimba bila kuufunga mdomo kabisa, ili lile gamba lisikutane na mdomo wa juu.

Aliyelifumbua fumbo ni mama, na alilifumbua kwa bahati ya kuchoka. Siku hiyo alinifuata ziwani na uji, mdogo wangu akiwa mgongoni. Alifika amechoka, jua kali, akaketi kwenye ufuko mweupe, na kwa kuwa mtoto wa mgongoni alikuwa analia, akaniomba kofia ajifunike pamoja naye. Nilisimama kando nikijifunika kanga kichwani. Mama aliinama kumimina uji, akatulia. Akainua uso, akauinamisha tena. "Mbona linanichoma kidevu?" akasema kwa lugha ya kwetu, kama anajisemea. Akaunyoosha mkono chini ya ukingo wa kofia, kiganja kikitazama ardhi, akakiangalia. Kiganja kilikuwa kinawaka kwa mwanga, wakati mgongo wa mkono uko gizani. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniita, akanishika taya, na kwa mara ya kwanza akanigeuza uso juu na kunitazama kwa chini, kwa sababu mimi nilikuwa mfupi na yeye siku zote alinitazama kutoka juu. Chini ya kidevu ngozi ilikuwa imebanduka. Matundu ya pua yalikuwa mekundu mpaka ndani. Paji la uso, mashavu ya juu na masikio, vyote vilivyo karibu na kofia, vilikuwa salama salimini. Mama akaudondosha uji. "Jua linatoka chini!" akapiga ukelele, na kina mama wote wakasimama.

Mzee Shabani aliposimuliwa alisema kwamba jua likianza kutoka chini basi kiama kimefika, tuache kulima. Watu walicheka, na baba hakucheka wala hakuamini. Usiku ule ndio pekee ninaokumbuka wazazi wangu wakipandishiana sauti. Baba alisema jua ni moja na liko juu, na yeye ameliziba. Mama alisema, "Nenda basi kaikalie wewe hiyo chumvi." Kesho yake baba alikwenda. Tulimwona kwa mbali, mtu mzima ameinama peke yake kwenye weupe na kofia ya mtoto kichwani, hakwangui kitu, ameinama tu. Aliporudi alichukua akiba yote ya mikeka akaipeleka kwa mwenye lori aliyekuwa anapita, ili tubebwe mpaka hospitali ya misheni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na baba yangu siku ile alizeeka.

Tabibu aliufungua mdomo wangu kwa kijiti, akaubonyeza ule uvimbe kwa kidole, akauliza umekaa muda gani. Alizungumza na wazazi pembeni, lakini nilisikia. Alisema kidonda hiki hakitapona, kwamba kimeanza kuota mizizi, na kikiachwa kitageuka saratani ambayo itaingia kwenye taya na shingo, na wenye ngozi kama yangu aliwaona wengi wakija wakiwa wamekwisha kuchelewa. Afadhali apoteze kipande cha mdomo. Mama alikubali kabla hajamaliza. Wakanichoma sindano, wakakata, wakashona. Mdomo wangu wa chini ukabaki na pengo upande wa kushoto, maji nikinywa hunitoka hapo, na mluzi sijapiga tena tangu siku hiyo. Baba alisubiri nje amepakata ile kofia kama mtoto mchanga. Nilipotolewa, uso umefungwa bandeji, alijaribu kuniangalia akashindwa. "Mama," akaniambia, maana nilirithi jina la mama yake, "nilikuwa nakufunika dari, kumbe moto uko sakafuni."

Mdomo ulipopona kiangazi kilikuwa kimekwisha, na mvua ikalirudisha ziwa juu ya ule weupe. Nilidhani ndiyo basi, nitarudi ukutani. Lakini kiangazi kilichofuata kilipokaribia baba alichukua kisu, akaukata ule ukingo aliouongeza mara zote zile, na kwa milala hiyohiyo akafuma kitu kingine. Kwetu wafugaji, ndama akitakiwa kuacha kunyonya hufumiwa kikapu kidogo kinachofunika pua na mdomo, na kamba zake hupita nyuma ya masikio. Baba alinifumia kikapu cha ndama. Alikipima usoni kwangu, akaacha nafasi ya kupumulia, akakishonea kitambaa cheusi ndani, akakishusha mpaka chini ya kidevu. Mama alipokiona alicheka, halafu akaenda nyuma ya nyumba, akarudi macho mekundu. Samli akaniwekea ya kulia ugali tu. Mimi nilikivaa, nikavaa na kofia, nikaenda ziwani asubuhi mapema, na jua likianza kuwa kali mama alinifukuza nirudi nyumbani. Watoto waliniita Ndama. Wakalia "mbuu" nilipopita. Na mimi nikawajibu "mbuu," kwa sababu ndama ni mali ya nyumba, na hakuna aliyewahi kumwita ndama kupe. Mzee Shabani alipopita asubuhi alinadi majina, akafika kwangu akasema, "Na Ndama wetu, yupo?" Sikumbuki kama nimewahi kuitikia jina kwa sauti kubwa namna ile.

Sasa mimi ni bibi. Nimekatwa mara nyingi tangu wakati ule, shavuni, sikioni, mgongoni mwa mkono, vipande vidogo vidogo, na kila nikitoka kukatwa nashukuru kwamba vilikuwa vidogo, maana wengi wa rika langu wenye ngozi kama yangu hawakuvuka ujana. Tumepata jina jipya, tunaitwa watu wenye ualbino, na nimelipokea, ingawa katikati ya jina la zamani na jipya ikaja miaka ya kuwindwa ambayo sitaki kuizungumzia hapa. Nimesoma pia jina la kile kilichonila mdomo. Wanakiita mionzi ya urujuanimno, mwanga wa jua usioonekana kwa macho, unaodundadunda juu ya kitu cheupe, kama chumvi au mchanga, na kurudi juu kukutafuta ulipojificha. Mdomo wa chini ndio unaoupata kwanza, kwa sababu umechomoza na ngozi yake ni nyembamba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu kilikuwa chini ya kofia yangu. Kuna mafuta ya kweli siku hizi, yanayozuia jua, na zahanati hutoa yakiwapo. Kijiji nacho kimeota miti, kamba ya wapimaji imesahaulika, na ukikaa barazani kwangu kuna kivuli mchana kutwa. Sikai. Bado nahama na kiti, asubuhi huku, jioni kule, na wajukuu wananicheka.

Kiangazi hiki nilipita ziwani kwenda kumsalimia ndugu. Watu wangali wanakwangua chumvi, wachache. Kijana mmoja alikuwa na binti yake mdogo, mweupe kama mimi, amevaa kofia nzuri ya dukani yenye ukingo mpana na utepe wa bluu, ameinama kwenye ule ufuko, anaimba. Miguu yangu iligeuka yenyewe. Nilimfikia, nikamshika taya, nikamwinua uso juu. Chini ya kidevu palikuwa pekundu, na mdomo wa chini umeanza kupasuka. Nilipandwa na hasira.

"Shikamoo bibi," akasema yule kijana. "Kuna nini?"

"Marahaba. Mtoto anaungua."

"Lakini ana kofia, bibi!"

Aliitamka kwa fahari ileile, na kwa kitambo nilimwona baba yangu pale, na milala yake mikononi. Hasira ikaniisha. Nilimvua mtoto kofia, nikamfunika kwa kanga yangu ya pili, nikamvika baba yake ile kofia na kumwambia ainame kwenye chumvi, atulie, asinyanyuke mpaka nimwambie. Aliinama kwa heshima tu, mtu na bibi asiyemjua. Alipoinuka alikuwa anajishika kidevu na hacheki tena. Akaniuliza afanye nini. Nikamweleza, mtoto akae mbali na weupe huu, na siku akilazimika kupita afunikwe kuanzia puani kushuka chini, na nikamweleza jinsi kile kikapu kinavyofumwa na kamba zinavyopita nyuma ya masikio.

Akacheka kidogo kwa aibu. "Sasa bibi, nimfunge mwanangu mdomo kama ndama?"

Niliishusha kanga niliyokuwa nimejifunga usoni, nikamwonyesha mdomo wangu wa chini, upande ule ambao haupo.

"Ndiyo," nikamwambia. "Kama ndama."